Mstari wa Vigae

Elieza alikaa ncha ya kushoto ya benchi ili watu wote wawe upande wa sikio lake zima. La kushoto lilikuwa limekufa mwaka wa pili sasa. Mtu akimsemesha upande huo, ni sawa na kulisemesha jiwe. Nyuma ya benchi, ukutani, kwa kimo cha kiwiko, palikuwa na alama nyeusi ndefu iliyokwenda mpaka mwisho wa korido. Ilikuwa nongo ya mikono. Wagonjwa wa kliniki ile walitembea wakishika ukuta.

Ilikuwa kliniki ya masikio, na nesi aliwaita watu kwa mdomo, kutoka kidirishani, mara moja. Ijumaa iliyopita mama mmoja wa Kolo alikaa pale tangu alfajiri hadi saa saba bila kusikia jina lake. Alipokwenda kuuliza aliambiwa ameitwa, hakuitika, faili limerudi. Masikio yenyewe mmeleta ya nini, nesi akamwuliza, na foleni ikacheka. Mama yule naye alicheka, kwa kuwa aliwaona wengine wakicheka.

Elieza hakucheka. Leo, Jumatatu, alikuja na masikio ya kuazima: binti yake Jenifa, aliyefunga kibanda chake cha chapati kule Nzuguni ili asikilize jina la baba yake.

Kichwa cha mzee kilikuwa kimenyolewa chote tangu Jumamosi, kama walivyomwagiza. Jenifa na majirani zake wawili walikuwa wamekwisha kutoa damu. Suruali aliyovaa ni ile ya ibada, imenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mfuko wa shati ulikuwa na daftari dogo na bahasha ya kaki yenye muhuri. Orodha ya watakaopasuliwa wiki hii ilikuwa inafungwa saa nne. Jina lake lilikuwa ndani, kwa kalamu ya risasi. Ili liandikwe kwa wino, bahasha ile ilitakiwa ifike kwa afisa ustawi wa jamii.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa njia ya reli, stesheni ya Gulwe. Kila asubuhi alitembea juu ya chuma chenyewe, mguu mbele ya mguu, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga boliti na kusikiliza. Boliti iliyokaza hulia. Iliyolegea hukohoa. Vijana wa genge walimwekea dau kwamba angeanguka kabla ya daraja, na hakuna aliyewahi kula dau hilo. Mwaka mto Kinyasungwe ulipochimba tuta, ni sikio lake lililojua kwanza kwamba chini ya mataruma ya reli hapakuwa na udongo.

Baadaye, akiwa amestaafu, ilianza sauti ya treni. Aliisikia ikija kutoka mbali, akageuka kutazama, na njia ilikuwa tupu. Zahanati walimpa dawa ya matone. Matone yalipoisha wakampa mengine, kisha wakalisafisha sikio kwa bomba la sindano, mara tatu, na mara zote tatu wakamwambia ni nta. Sikio likazimika. Kisha ardhi ikaanza kumvuta kushoto. Jumapili moja, akiwa mzee wa kanisa, aliinuka na sahani ya sadaka, hatua nne akaenda vizuri, ya tano akaangukia mabenchi ya kina mama. Mtu mmoja akasema mzee leo ameanza mapema. Watu waliokaa nyuma walicheka kwa kujibana. Mwezi uliofuata aliambiwa apumzike uzee.

Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, hata ujimbi wa harusi ya mwanawe. Lakini kijijini, mtu anayeyumba saa tatu asubuhi ana maelezo ya aina moja tu.

Ni daktari kijana wa wilayani aliyemwambia afumbe macho asimame kwa mguu mmoja, akaona alivyoanguka, akamwandikia aende Dodoma kupigwa picha ya kichwa. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, ukubwa wa yai la kanga, umelalia ubongo. Mtu wa kuutoa hakuwapo Dodoma. Miezi minne waliuliza madirishani na kujibiwa warudi wiki ijayo. Aliyewapa jibu ni mteja wa chapati, mama anayepiga deki chumba cha upasuaji: kuna daktari anaitwa Abdulwahab, anakuja mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja, na anachukua watu sita.

Walimpata Ijumaa. Alikuwa anasoma picha ya kichwa cha Elieza bila kumtazama mwenye kichwa. Elieza akafungua daftari lake, mahali alipoandika maswali kwa mwandiko wa shule ya jioni, kila herufi imesimama peke yake.

"Daktari, uvimbe kama huu umeshatoa mara ngapi?"

Daktari akainua uso. "Kumi na moja."

"Wanaotembea?"

"Tisa. Mmoja anatembea akishikwa. Mmoja alikufa."

Elieza akaandika yote. Daktari akamwambia kwamba sikio lile halitarudi, na uso ungeweza kupinda upande mmoja, asije akasema hakuambiwa. Elieza akajibu kwamba uso wake umetumika miaka sitini na sita, umeshafanya kazi yake. Akauliza la mwisho: akisubiri hadi safari nyingine, miezi sita?

"Mzee, huo uvimbe unaelekea kuziba njia ya maji ya ubongo. Miezi sita mimi nitarudi. Wewe sikuhakikishii."

"Basi niandike. Nitakuwa wa kumi na mbili."

Daktari aliandika. Kisha akasema, kwa kuwa mzee hana bima, msamaha wa matibabu unatoka ofisi ya ustawi, na ustawi wanataka barua ya mtendaji wa kijiji.

Jumamosi alipanda basi la Mpwapwa, akalala Gulwe, na Jumapili baada ya ibada akaketi mbele ya meza ya Meshack, mtendaji wa kijiji. Mafuriko yalipoleta mabati ya msaada, Elieza alisimama mkutanoni akasoma kutoka daftari lake majina ya waliobomokewa nyumba na majina ya waliopata bati. Orodha hizo mbili hazikufanana. Meshack alikuwa ameketi meza kuu, chini ya bati jipya. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa kichwa.

Jumapili ile, hata hivyo, Meshack aliinuka kitini, akampa shikamoo, akaandika kwa muda mrefu. Alikunja, akatia gundi, akagonga muhuri juu ya mkunjo, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha.

"Nimekueleza vizuri, mzee," alisema.

Usiku huo, Nzuguni, Jenifa aliishika bahasha ile kwenye mwanga wa taa akaigeuza. Alitaka waifungue. Mvuke wa birika ungetosha, na gundi ingerudi kama ilivyokuwa.

"Baba, yule mtu hakupendi. Unajua alichoandika?"

"Barua yenye muhuri haifunguliwi na aliyeibeba."

Alikuwa amebeba barua za stesheni masta miaka yote ile, Gulwe hadi Igandu, mvua na jua, na hakuwahi kufungua hata moja. Jenifa akalitoa birika jikoni.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu Jenifa alilisikia jina likiitwa, akamshika baba yake mkono. Ofisi ya ustawi ilikuwa meza moja mwishoni mwa korido, bila mlango, orodha ya daktari juu yake. Afisa aliitwa Emilia, msichana wa rika la mjukuu wake, kucha ndefu, sauti ya kuchoka. Alimpa shikamoo bila kuinua macho. Mbele yao alikuwapo bwana mmoja mwenye simu mbili, aliyeinama akamwuliza Emilia jambo kwa sauti ndogo, na Emilia akamjibu akae kidogo, mheshimiwa, bado dakika chache. Bwana akakaa, kiti cha pembeni, si kwenye benchi.

Emilia akaipasua bahasha kwa rula. Akasoma. Akarudia kusoma, na mara hii alimtazama Elieza kuanzia kichwa kilichonyolewa hadi viatu.

"Mzee wangu, unakunywa nini?"

"Chai."

"Mimi sina utani na wewe asubuhi hii." Akasoma kwa sauti, upande wa sikio zima, na korido yote ikasikia pamoja naye. "Mtajwa ni mkazi wa kijiji hiki na ni kweli hana uwezo. Anajulikana kwa ulevi wa kupindukia. Huanguka njiani hata mchana, na aliondolewa uzee wa kanisa kwa sababu hiyo. Naomba asaidiwe."

Elieza alinyoosha mkono aione. Emilia akaivuta barua upande wake. Mkono wa mzee ukabaki mezani, umefunguka.

Jenifa ndiye aliyesema. Alieleza habari ya picha, ya uvimbe, ya kuyumba kunakotokana na uvimbe, ya faili lenye maandishi ya daktari mwenyewe. Emilia alimsikiliza hadi mwisho. Akaeleza taratibu bila hasira, kama mtu anayesoma bango. Mlevi hapewi msamaha wa upasuaji kabla ya kupitia ushauri nasaha, vikao sita, kimoja kila wiki. Watu wanapasuliwa kwa fedha ya wananchi, kisha wanarudi vilabuni, wanakufa, hospitali inaandikwa vibaya.

"Mwulize daktari," Jenifa alisema. "Dakika moja tu."

"Daktari yuko ndani tangu saa kumi na mbili. Haingii mtu."

"Faili lisome basi, dada yangu. Limeandikwa humo kwamba anayumba kwa ugonjwa."

"Daktari anaandika ugonjwa. Mimi naandika mtu."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya saa nne. Bwana wa simu mbili alitazama simu ya kwanza, kisha ya pili. Elieza, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema zaidi ya neno chai, akasogea mbele.

"Mwanangu, nina miaka sitini na sita. Kinywa changu hakijaonja pombe. Nuse."

Akainamisha uso juu ya meza. Emilia akarudisha kiti nyuma. Mlinzi wa korido, aliyeitwa Anthony, akakaribia hatua mbili na rungu lake.

"Sinusi watu," Emilia alisema. Akafikiri. Labda alimhurumia, labda alitaka dakika zile ziishe kwa namna yoyote. Alinyoosha kalamu sakafuni. Kutoka miguu ya meza yake hadi mlango wa nje, katikati ya vigae vyeupe, ulikwenda mstari mmoja wa vigae vyeusi. "Haya. Kama hunywi, tembea juu ya huo mstari mpaka mlangoni. Ukinyooka, naandika kwamba barua nimeitilia shaka."

"Hawezi!" Jenifa alisema. "Hicho ndicho anachoumwa."

"Basi asitembee."

Elieza alikuwa amekwisha kufika kwenye kigae cha kwanza. Alitazama mstari. Ulikuwa mpana mara tatu ya chuma cha reli. Watu wa kwenye benchi walivuta miguu yao ndani. Hakutazama chini, mtu wa njia hatazami miguu yake, hutazama mbali, pale vyuma viwili vinapokutana. Akaukazia macho mlango.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili, ya tatu. Mikono aliiachia kidogo pembeni, kama zamani. Ya nne. Mama mmoja kwenye benchi alisema taratibu, mbona anatembea. Ya tano, sakafu ikainuka upande wa kulia, polepole, kama behewa linapoingia kwenye kona, na mlango ukahama. Alijua ulivyohama. Alijua pia kwamba haukuhama. Mguu wa kushoto ukatoka kwenye cheusi, ukaenda kwenye cheupe, na wa kulia ukaufuata, na bega lake likagonga ukuta. Mkono ukatua juu ya ile alama nyeusi, mahali hasa walipotua wengine.

Anthony alicheka, kisha akakohoa. Jenifa akamkimbilia baba yake.

"Usimshike," Emilia alisema. "Akishikwa haihesabiki."

Jenifa akasimama katikati ya korido, mikono yake mbele, haijui pa kwenda. Elieza alisubiri mpaka sakafu ikalala. Akajitoa ukutani. Kiganja kilikuwa cheusi, na aliutazama weusi ule, akautafutia mahali pa kuufutia, asipate, akaufuta kwenye suruali ya ibada.

"Nitarudia," alisema.

"Rudia, mzee. Ila ukuta usiuguse."

Akarudi alikoanzia, kwa kushika ukuta. Ilimchukua muda. Alipogeuka na kuutafuta mstari, meza ilibaki nyuma yake, upande wa sikio lililokufa, kwa hiyo hakusikia kiti cha bwana wa simu mbili kikiburuzwa, wala Emilia akimwuliza jina la mgonjwa wake, herufi kwa herufi. Jenifa alisikia. Aliona kifutio kikipita kwenye orodha, juu ya jina la baba yake, kisha kalamu ya wino.

Akafungua kinywa kumwita baba yake, kisha akakifunga. Mzee alikuwa amenyoosha mgongo, macho yake mlangoni. Kwenye meza hapakuwa na mtu aliyetazama tena. Elieza akaachia mikono pembeni, akaweka mguu wa kulia juu ya kigae cha kwanza.