Kujiamini: Chini

Miaka kumi na mmoja alibandika majalada ya madaftari pale kiwandani, hata jina likamganda: Mama Gundi. Mwaka huu akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa zamu, mwanamke pekee kati ya wasimamizi kumi na wawili. Haukupita muda wakagawiwa fomu za mwanasaikolojia wa kampuni, ambaye wafanyakazi walimwita Mpimaji. Sentensi arobaini, kila moja uzungushie namba, moja hadi tano, tano ikiwa ni kukubali kabisa. Mama Gundi alijibu kama alivyojibu fomu hiyo hiyo mwaka jana: tatu hapa, nne pale, kwa moyo mweupe.

Ijumaa meneja akamwita.

"Mama, mwaka jana kujiamini kwako kulikuwa juu. Sasa kumeporomoka. Huenda cheo kimekuelemea. Jumatatu tukae na Mpimaji tuamue."

Alifika nyumbani hana hamu ya kitu. Mumewe, fundi baiskeli, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwani umebadilika?"

"Sijioni. Lakini karatasi ndiyo imesema."

"Karatasi haijaishi nawe miaka kumi na tisa. Kaombe uione na ile ya mwaka jana."

Basi Jumatatu, meneja hajafungua hata kinywa, Mama Gundi akaomba fomu zote mbili ziwekwe mezani. Mpimaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, akajumlisha kwa kalamu. Akarudia.

"Mia moja thelathini na mbili. Na ya mwaka jana... mia moja thelathini na mbili."

"Sasa nimeporomokea wapi, mwanangu?"

Mpimaji akavua miwani. "Mwaka jana tulikulinganisha na wabandikaji, karibu wote wanawake. Safari hii tumekulinganisha na wasimamizi wenzako, wanaume tupu." Akapekua fomu zao. "Na hawa wamezungushia tano toka juu mpaka chini. Hata hapa: 'Sijawahi kukosea kazini.' Wote tano!"

Meneja akakohoa. "Hata mimi niliweka tano," akasema taratibu. "Na juzi tu nimeagiza karatasi zisizoingia kwenye mashine."

Kicheko kikamtoka Mama Gundi kabla hajakizuia, nao wakamfuata.

"Kosa ni langu," alisema Mpimaji. "Ilinipasa nitazame cheo na jinsia kwanza, ndipo niseme neno. Wewe hujashuka popote."

Meneja akafungua droo, akatoa barua iliyokwisha kupigwa chapa, akaichana vipande na kuitupa kapuni. Mama Gundi hakuuliza ilisemaje. Alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Kwenye ngazi akatoa simu. Akampigia mumewe.

"Vipi?"

"Nimebaki na zamu yangu."

"Afadhali! Basi rudi na njaa, leo napika mimi."

"Hapo sasa ndipo pa kuogopa," akasema, akakata simu huku akicheka, akaenda kuwafungulia wenzake mashine.