Jiwe la Anton wa Kwanza

Adelheid alikuwa amechoshwa na mdogo wake, na hakuona haya kusema. Jiwe la kaburi lilikuwa uani, juu ya pikapu, limeshachongwa jina. Mdogo wake huyo, Anton, ameketi jikoni anamenya viazi, kana kwamba hajaambiwa kitu.

"Brockmann umeshamuuzia shamba," alisema Adelheid. "Kesho anaingiza trekta kilimani. Akishalima pale, kaka yetu hatutamwona tena alipo. Nionyeshe tu kaburi, mengine niachie mimi."

"Sitaki."

Sitaki! Mzee mzima mwenye ndevu nyeupe. Adelheid alivuta kiti, akaketi, akainuka tena.

Baba yao, Harm Hellbusch, alitoka Oldenburg kule Ujerumani akaja Nebraska, akajenga nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi kabla kanisa halijapata hata paa. Majira ya pili ya baridi, ugonjwa wa koo ukamchukua mwanawe wa kwanza, Anton. Wakamzika kilimani. Alipozaliwa mvulana mwingine wakampa jina lilelile, maana kwa watu wao jina la babu haliachwi lizikwe na mtoto. Bonde zima lilifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha moto wa nyika ukapita ukaunguza msalaba wa mti, na Adelheid akaolewa mbali. Aliyebaki akijua mahali penyewe ni huyu hapa na viazi vyake.

Adelheid alikuwa na kumbukumbu moja tu ya kaka yake: kaka amembeba mgongoni, nywele zake zinanuka moshi. Hakuwa tayari kumwachia Brockmann aipitishie plau.

"Unaogopa majirani, si ndiyo?" alisema. "Watasema Anton Hellbusch keshazikwa na bado anakuja kanisani kusinzia. Waache waseme. Nani amekufa kwa kuchekwa?"

"Siogopi majirani."

"Basi ni nini? Maana mimi nimefika mwisho na wewe."

Anton alikigeuza kiazi mkononi. "Dada, wewe uliwahi kwenda kule na mama?"

"Ningeendaje? Mimi nilikuwa naachiwa mikate kwenye tanuri."

"Mimi nilikuwa naenda. Kila Pasaka. Mama anapiga magoti, anaita, 'Anton, mwanangu.' Nami niko nyuma yake, mdogo hivi, naitika, 'Naam, mama.' Anageuka, ananitazama, anasema, 'Si wewe.'"

Adelheid aliketi tena.

"Hakusema kwa ubaya," Anton aliendelea. "Mwisho nikajifunza kutoitika. Sasa unaniletea jiwe, nalo liseme vilevile."

"Mama naye, jamani," Adelheid alisema. Hasira yote ya asubuhi ile ilimhama mdogo wake ikamwendea mama, aliyekufa zamani na asiyeweza kujibu. Alitaka kumwambia Anton kwamba jiwe litarudi kwa mchongaji, ila yule aliyembeba mgongoni naye alikuwa ndugu yake.

Anton ndiye aliyeweka kisu chini. "Twende," alisema. "Kaka naye hana kosa."

Wakapanda kilima kwa pikapu. Anton hakutafuta, alikwenda moja kwa moja, akachimba. Wakalishusha jiwe kwa taabu, wakagombana kidogo upi ndio upande wa mbele, wakalisimamisha. Adelheid alipiga magoti, akafuta vumbi kwenye herufi.

"Anton," alimwambia yule wa chini, taratibu.

Nyuma yake sepetu iliendelea kushindilia udongo. Mdogo wake hakuinua hata kichwa. Adelheid alisikiliza ule mshindo kwa muda, kisha akainuka, magoti yakimuuma.

"Anton."

Hakuitika. Adelheid alimwendea, akaushika mkono wake juu ya mpini.

"Wewe, bwana," alisema. "Nakuita wewe."