Saini Chini ya Guduria

Da Mize alizikata saini kwa mkasi wa cherehani, tena alizikata vizuri. Hilo ndilo lililoniuma mwanzo. Angezichana ovyo ningesema ni mtu asiyejua alichokishika. Lakini kila gazeti lilikuwa na tundu la pembe nne upande wa chini wa jalada, kingo zake zimenyooka, na magazeti yenyewe yamepangwa kufuata miaka ndani ya sanduku la bati, kama nilivyoyaacha.

Nilikuwa nimetoka Unguja kununua madaftari na wino wa mashine ya fotokopi, maana duka langu hapa Chake Chake linaishi kwa wanafunzi. Mke wangu, Asya, alikuwa kwao Msuka akimuuguza mama yake. Dada yangu Mize ndiye aliyekuja kulala nyumbani. Masika yalikuwa yamekaza, bati la chumbani likavuja, maji yakaingia sandukuni.

"Nimekuokolea magazeti yako, Fahmi," aliniambia nikiwa bado nimeshika begi. "Yalikuwa yanatota. Nimeyaanika ukumbini juu ya jamvi, moja moja, kama karafuu. Nikayageuza mie mwenyewe."

Nilimshukuru, wallahi, kwa moyo. Kisha nikafungua sanduku.

"Bwana Guduria" lilikuwa gazeti la katuni lililochapwa Dar es Salaam wakati mimi bado nanyonya. Guduria ni karani mwenye tumbo kama mtungi, ananunua karafuu za wakulima kwa mzani aliouchezea, na jioni analewa. Aliyemchora ni Abrahman Silima wa Chokocho, lakini soma gazeti zima, hulioni jina lake. Mwenye gazeti aliandika lake kwenye kila jalada kuwa ndiye mtungaji na ndiye mchoraji.

Abrahman alikuwa haumbi sura kichwani. Aliazima nyuso za watu anaowajua: muuza pweza, kondakta, mama mmoja wa Wete aliyekuwa na mwanya. Wiki chache baada ya toleo kutoka, alimpelekea nakala moja mwenye uso, na mahali penye nafasi chini ya picha akamwandikia kwa wino, kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandikiana barua: Bismillahi, kisha maneno mawili matatu ya kumshukuru, na jina lake.

Nakala hizo ndizo nilizozikusanya. Niliziulizia harusini, matangani, gatini. Safari wa Msuka, yule muuza pweza, alikuwa ameitandika yake kabatini chini ya vikombe vya wageni. Yule mama wa Wete alikataa kunipa mpaka alipokufa, na akausia nipewe. Namna ya kuzitunza nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea: karatasi kavu baina ya kurasa, sanduku lisiguse ukuta, mikono isiwe na mafuta.

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo langu tu, watu wakinitania. Mwaka jana Abrahman akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Mwaka huu watoto wa yule mwenye gazeti, ambaye ni marehemu sasa, wakatangaza kuwa wanachapa kitabu kizima cha Guduria, na kwamba mchoraji ni baba yao. Nadhira, binti wa Abrahman, akanipigia simu.

"Baba hawezi kuchora hata duara, Kaka Fahmi. Wakimwambia achore mbele yao, atafanya nini? Wakili anakuja Chokocho Alhamisi. Hatuna ushahidi mwengine ila hizo saini zako."

Na saini zangu zilikuwa matundu.

Nikatoka chumbani. Da Mize alikuwa jikoni anapeta mchele.

"Yako wapi maandishi?"

"Yepi?"

"Usiniulize yepi, Da Mize. Uliyoyakata."

Akaweka ungo chini. "Nimeyaondoa. Hivi weye ni Muislamu? Bismillahi chini ya miguu ya mlevi! Jina la Rahmani ubavuni mwa chupa! Na ukifa yatakwenda wapi mavitu yale? Si kufungiwa bagia sokoni?"

"Umeyapeleka wapi?"

"Yanapopelekwa. Msikitini."

Nyuma ya mlango wa msikiti wetu kuna gunia. Humo hutiwa kurasa za misahafu iliyochakaa na juzuu zilizochanwa na watoto, na chochote chenye jina la Mungu. Gunia likijaa, Mzee Bakar, anayeutunza msikiti, huyachoma makaratasi pahala safi na majivu yakaenda kumwagwa kwenye kina cha bahari, pasipopita mguu wa mtu. Nilikwenda mbio. Gunia lilikuwa bado linaning'inia, limejaa mpaka shingoni, na Mzee Bakar amekaa barazani akikata kucha.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kilichotiwa humu hakitolewi, mwanangu. Nikufungulie weye leo, kesho aje mwengine anatafuta risiti yake?"

"Si risiti. Ni jina la mtu."

"Majina yote humu ni ya Mwenyezi Mungu."

"Abrahman Silima ni wa Chokocho!" nikasema, na nikajisikia nakohoa kwa ukali wa sauti yangu mwenyewe. "Yuko hai, yuko kitandani, na kuna watu Dar es Salaam wanamzika bila ya jina! Utachoma weye ushahidi wake, halafu uje uniadhinie?"

Watu wawili waliokuwa birikani wanatawadha waliacha maji yanamwagika. Mzee Bakar alibaki ameshika wembe. Nyuma yangu Da Mize alikuwa amefika, buibui lake halijakaa sawa. Alikuwa hajapata kunisikia nikipiga kelele tangu nizaliwe.

"Mpe, Mzee Bakar," alisema.

"Bi Mize, weye ndiye uliye—"

"Nilitia mie, natoa mie. Kama ni dhambi, niandikiwe mie. Mpe."

Mzee Bakar akalifungua gunia, na Da Mize akavitoa vipande vile kwa mkono wake.

Sikumshukuru. Nilirudi nyumbani, nikakaa sakafuni na kutafuta mwenza wa kila kipande. Mkasi haurudii mkato wake. Kila kipande kina upana wake na pembe zake, na kila tundu vilevile. Nilivijaribu kimoja kimoja. Saini ya Safari ikaingia kwa Safari, ya mama wa Wete ikaingia kwake. Hata vilipokaa vyote, tundu moja likabaki wazi. Lilikuwa toleo la kwanza, lile ambalo Guduria anaonekana kwa mara ya kwanza amekalia gunia la karafuu. Nakala ile ilikuwa ya baba yetu.

Baba, Soud bin Ridha, alikuwa karani wa mzani kwenye kituo cha kununulia karafuu. Alikuwa na tumbo. Uso wa Guduria ni wake, tangu nyusi mpaka kidevu. Gazeti lile nililikuta katika vitu vyake baada ya kufa kwake, na ndilo lililonitia njiani kuyatafuta mengine.

"La baba liko wapi?" nilimuuliza Da Mize.

Alikuwa amerudi kwenye mchele wake. "Lile sikulipeleka."

"Lilete."

"Sileti."

"Da Mize, lile ndilo kubwa. Ndipo Guduria alipoanzia."

"Najua alipoanzia!" Akapiga ungo kwa kiganja, mchele ukaruka. "Weye ulikuwa unanyonya. Anayetumwa dukani alikuwa nani? 'Mtoto wa Guduria! Mtoto wa Guduria! Turejeshee kilo zetu!' Wakinirushia vijiti vya makonyo ya karafuu mpaka mlangoni. Baba akawa anapita migombani ili asipite barazani mwa watu. Mzani wake ulikuwa sawa, Fahmi. Sawasawa!"

"Najua."

"Hujui. Weye umemtilia karatasi kavu, ukamfungia sandukuni."

Nikasema nilichokuwa nacho kifuani tangu nilipoyaona matundu. "Kumbe hukukata kwa ajili ya Mola. Ulikata kwa ajili ya makonyo."

Akaanza kuuokota mchele ulioruka.

"Nilikata kwa ajili ya Mola, yote. Nilipofika kwenye la baba nikalisoma. Sikuwa najua kuna maneno pale, jalada lile sikuwahi kulitazama mara ya pili. Weye unalo tangu lini? Unajua Abrahman alimwomba baba radhi, na hukunambia?"

"Nikilitaja gazeti tu unatoka chumbani. Ningekwambia lini?"

"Ungenifuata!"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu kali. Nikatoka nalo nje. Aliposhika mlango alinipigia kelele mgongoni kwamba kipande kile kikitoka nyumbani, kitatoka naye.

Alhamisi tulikwenda Chokocho kwenye gari moja, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma na sanduku. Hatukusemezana hata kuhusu mvua.

Abrahman alikuwa ameegemezwa mito, mkono wa kulia umewekwa mapajani kama kitu cha mtu mwengine. Nadhira alitandika mkeka. Nikayapanga magazeti, kila moja na kipande chake tunduni. Wakili, kijana mwenye miwani, alipiga magoti, akainua kipande kimoja kwa ncha ya kidole, uso ukamharibika.

"Haya yamekatwa. Nani kayakata?"

Nikamtazama Da Mize. Nilitaka aliseme mwenyewe.

"Mie," alisema Da Mize. "Mize binti Soud. Nimeyakata kwa mkono wangu, nikayatia gunia la msikiti, na mkono huuhuu ukayatoa. Andika. Wakisema yametengenezwa juzi, niite, nitaapa."

Wakili aliandika. Kisha akaelekeza kidole kwenye toleo la kwanza. "Na hili? Hili ndilo tunalolihitaji kuliko yote."

Da Mize alifungua fundo la kanga yake. Akatoa kipande, lakini hakumpa mtu. Akasimama katikati ya chumba, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma hitima.

"Bismillahi. Kwa ndugu yangu Soud bin Ridha, karani wa mzani. Uso nimeuchukua kwako, wizi nimeuchukua kwa mwengine unayemjua. Sikufikiri kama watu watachanganya. Niwie radhi. Abrahman Silima."

Kisha akamgeukia kitandani.

"Picha umewapa watu wote, Mzee Abrahman. Radhi umempa mtu mmoja, akaitia sandukuni, akafa nayo. Mbona hukuiandika gazetini? Wale waliokuwa wakinirushia makonyo walikuwa wanajua kusoma."

Midomo ya Abrahman ilicheza. Nadhira akamwinamia ili atusemee, baba yake akamsukuma kwa mkono wa kushoto.

"Jina langu," alisema, neno likitoka kwa taabu, "hawakulitia. Radhi yangu... wangeitia?"

"Wasingeitia," Da Mize alisema. "Basi ungekataa kuchora toleo la pili."

Nadhira alifungua kinywa. Mimi nilikuwa tayari kumwambia dada yangu inatosha, mtu ni mgonjwa. Abrahman alifumba macho, akayafumbua.

"Kweli," alisema. "Ningekataa."

Da Mize alikaa mkekani, akakiweka kipande tunduni mwenyewe, akikizungusha kidogo kidogo hata kikakaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekikata na alikuwa anakijua. Wakili akatoa simu apige picha, akaisogeza karibu kabisa na pale penye jina la Abrahman.

"Rudi nyuma," Da Mize alimwambia. "Piga maneno yote. Si jina lake tu."

"Mama, kwa kesi hii jina linato—"

"Piga yote, au nakirejesha kangani."

Kijana akanitazama mimi. Nilikuwa nimemkasirikia dada yangu siku zote hizo, na nilikuwa bado nimemkasirikia.

"Piga yote," nikamwambia.

Akarudi nyuma, akapiga. Da Mize akamwambia amwonyeshe. Alikitazama kioo cha simu muda mrefu, akakipangusa kwa pembe ya kanga, akatazama tena.

"Kivuli cha mkono wako kimeingia kwa baba," alisema. "Soud haonekani. Piga tena."