Saba kwa Saba

Abrahamu aliinua sahani ya maabara kuelekea dirishani, akaitazama kwa mara ya tatu. Jana bakteria walikuwa wameigeuza kijani, kijani kile kile cha makohozi ya Yunis, mdogo wake. Leo, pale alipowachanganyia maji ya kitunguu saumu kilicholimwa kijiji cha Kwai, rangi ilikuwa imepauka hata kukaribia kutoweka.

Alikuwa mkuu wa maabara katika hospitali ndogo juu ya Mlalo, mtu wa miaka hamsini na minane asiyewahi kuandika jibu asilolishuhudia kwa macho yake. Jambo hili la kitunguu alilisoma katika jarida alilotumiwa na mwenzake waliyesoma naye shule ya bweni. Bakteria, jarida lilieleza, hupashana habari kwa kemikali. Wakiwa wachache hutulia. Wakishajua kwamba wametimiza akidi, humwaga sumu kwa pamoja na kujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Wakikatiziwa mazungumzo, na kitunguu saumu huweza kuyakata, kila mmoja hukaa kama yuko peke yake.

Daktari Secilia alichungulia mlangoni. "Shikamoo, mzee. Naona wamekufa!"

"Marahaba. Hawajafa. Wamenyamaza."

"Basi tuwapige wakiwa kimya."

"Kwa dawa gani? Dawa zote tulizo nazo wamezishinda. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, mwili ungewamaliza wenyewe. Mapafu ya Yunis yamekwisha."

"Na hicho kitunguu, ale kiasi gani?"

"Hakuna ajuaye. Wamejaribu kwa panya tu."

"Akila ndoo nzima tutamhama wodini kwa harufu," alisema daktari, akacheka. Kisha akaona haya, akaondoka.

Abrahamu alivua koti, akaenda wodini. Yunis alikuwa ameketi akiegemea mito miwili, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Yunis."

Alimweleza yote, polepole, bila kupunguza neno. Yunis alisikiliza huku akitabasamu.

"Kumbe miaka yote hii wananisengenya humu humu kifuani, na mimi sijaambulia hata umbeya wenyewe!" Kicheko kikageuka kikohozi, akashika kikombe cha makohozi kwa mikono miwili hata kikohozi kilipotulia. "Wanyamazishe basi. Nitakula hata gunia."

"Hakitafika mapafuni kwa kiasi cha kutosha. Kitakuwa dawa siku moja, lakini siku hiyo haitakukuta."

Yunis alimkazia macho. "Hata kunidanganya hujui, kaka."

Kweli, hakujua. Lakini lilikuwapo jambo alilolificha tangu mwaka wa tisini na nne, wakati ghala la hospitali lilipokuwa tupu na dawa zikiuzwa sokoni kwa kuhesabu kidonge, kama njugu. Mama yao na Yunis walikuwa wakikohoa nyumba moja. Alizunguka Lushoto nzima, akapata dozi moja tu: vidonge kumi na vinne. Shuleni alikuwa kiranja wa bwalo, aliyegawa ugali kwa haki hata wakubwa wakamwogopa. Basi akagawa. Saba kwa saba. Alijua, na aliwafundisha wengine, kwamba nusu dozi haiui ila huwakomaza wadudu. Akagawa hivyo hivyo, na moyo wake ukaridhika. Mama alifariki kabla mwezi haujaisha. Yunis aliinuka, na kikohozi kikabaki.

"Usugu wa wadudu hawa ni kazi ya mikono yangu," Abrahamu alisema. "Vile vidonge nilivyowaletea wewe na mama havikuwa dozi kamili. Niliwagawanyia."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mama. Alisoma karatasi ya dawa. Alitaka vyake anipe mimi, nikakataa." Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Nimengoja miaka kumi na moja unieleze mwenyewe. Sasa nijibu, wewe mwenye majibu ya maabara. Vyote kumi na vinne ungempa nani?"

Abrahamu alimkumbuka mama yake, akamtazama Yunis, akainama kukitafuta kifuniko cha kikombe.

Yunis akageukia ukutani.

Abrahamu alikichukua kikombe. Makohozi yalikuwa ya kijani. Akaandika juu ya kifuniko jina na tarehe, kwa mwandiko ulionyooka, akakipeleka maabara, ingawa hakuna daktari aliyekuwa ameagiza kipimo.