Mabega Chini ya Ingobyi

Ibada ilikuwa imekwisha, lakini Pasta Séraphin aliwazuia watu wasitoke. "Tumeomba," alisema, "sasa tupange."

Kanisa lao lilikaa mgongoni mwa kilima, juu ya kijiji cha Muheto. Tangu vita iwafukuze watu wa vijiji vya chini, nusu ya walioketi kwenye mabenchi walikuwa wakimbizi wasio na shamba wala paa. Pasta alitaka kanisa liamue siku hiyo hiyo litawatumikiaje walio wake, na litawatumikiaje majirani hawa ambao Mungu amewaleta mlangoni.

Habari ya maharage ya mbegu ilipita bila ubishi. Kila nyumba ingetoa kadiri ilivyojaliwa, na wageni wangepewa kipande cha shamba la kanisa. Iliyokwama ilikuwa habari ya ingobyi.

Ingobyi ni machela ya mianzi iliyosukwa, yenye miti miwili mirefu ya kushikia. Gari halipandi kile kilima, kwa hiyo mgonjwa hupelekwa hospitali ya Mweso mabegani mwa watu. Desturi ilijulikana na wote: nyumba inayotoa mwanamume wa kubeba wenzake, nayo itabebwa. Nyumba isiyotoa, ijitegemee.

Thacienne alisimama. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Cyusa, alichukuliwa na watu wa silaha akiwa shambani na jembe mkononi. Hakurudi. Alimwachia mama yake mke mwenye mimba, Muhawenimana, ambaye sasa alikuwa amefikia siku zake. Mtoto alikuwa amelala kikingama tumboni, na muuguzi alikwisha kusema kwamba bila kupasuliwa Mweso, mama na mtoto watakufa wote. Thacienne alikuwa ameliombea jambo hilo tangu mwezi ulipoandama, na jibu alilolipata moyoni lilikuwa moja tu: simama useme.

"Bapapa, nyumba yangu haina mwanaume. Siku ya bibi ya Cyusa ikifika, nani atamubeba?"

Straton, mkuu wa ingobyi, alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, mgumu kama mti wa mulinga. "Mama Cyusa, sheria si yangu. Bazee njo walituachia."

"Basi mutie mimi. Mimi nitabeba."

Wanaume wakacheka. Thierry, kijana wa sauti kubwa, akasema, "Bamama wabebe ingobyi, na sisi tubaki jikoni kusonga bugali."

"Wewe Thierry," alisema Thacienne, "hata maji ya kuoga bibi yako njo anakupandishia toka mutoni. Mugongo yake iko ya nini, ya kupigwa picha?"

Sasa walicheka wanawake. Straton hakucheka. "Mabega hayazidi kichwa, Mama."

"Kichwa hakibebi ingobyi, Papa."

Hapo Anne, mke wa Straton, akanena bila kusimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. "Mimi ninaogopa kitu ingine. Ku njia, batu ya bunduki wanatafuta wanaume wa kubebesha masanduku yao. Sisi tunawapangia wanaume ya nguvu mustari moja, miti ku bega. Si tunawapelekea? Mwanamuke wanaweza kumuacha apite."

"Ao wamufanye mabaya," alijibu Straton. "Anne, mwanamuke hatabeba ingobyi mimi nikiwa muzima. Njo imeisha."

Pasta aliinua mkono. Akasema kanisa litambeba kila mtu, mwenye mwanamume nyumbani na asiye naye, mwenyeji na mkimbizi. Straton akainamisha kichwa, akakubali. Habari ya wanawake, Pasta alisema, tuiombee kwanza.

Hawakupata nafasi ya kuiombea. Bati juu yao lilipasuka kwa mlio kama wa chungu kinachovunjika, halafu ukaja mvumo wa bunduki kutoka malisho ya ng'ombe ya upande wa pili. Ndayambaje, mpiga ngoma, alikuwa bado ameketi nyuma ya ngoma yake. Risasi ilimwingia shingoni. Alilala juu ya ngozi ile taratibu, kama mtu aliyechoka, na damu ikaitiririkia mpaka sakafuni. Watu walijirusha chini ya mabenchi. Mwanamke mmoja mkimbizi alimfunika mtoto wake kwa mwili, na risasi iliyompata yeye haikumfikia mtoto. Thacienne alibana uso kwenye udongo. Maneno ya sala yalimtoka kichwani yote, likabaki jina la Yesu tu, akalishika hilo.

Milio ilipohamia bondeni, alimwona Muhawenimana ameshika mguu wa benchi kwa mikono miwili. Chini yake udongo ulikuwa umelowa maji.

"Mama," alisema, "imeanza."

Straton alikuwa na damu ya Ndayambaje kwenye shati. Alimtazama yule binti mara moja tu. "Leteni ingobyi," akasema. Hakuuliza ni nyumba ya nani. Thacienne hakulisahau hilo maisha yake yote.

Waliteremka wanaume wanane wakipokezana, Straton mbele, Thierry nyuma yake. Wanawake walifuata na mkeka, chungu na nguo za mtoto: Thacienne, Anne, Estelle dada yake Thierry, na mkimbizi mmoja aliyeitwa Niyigena. Njia ilikuwa tope. Kila mguu ulipoteleza, Muhawenimana aliuma kitambaa ili asipige kelele. Thierry, aliyekuwa amecheka kanisani, alimwambia, "Vumilia dada, mimi ni punda muzuri, sitakuangusha."

Walipopinda chini ya malisho, watu wa silaha walitoka kwenye mahindi.

"Wekeni chini."

Pembeni ya njia palikuwa na masanduku ya risasi yaliyorundikwa. Anne alifumba macho.

"Afande, huyu anazaa," alisema Straton. "Tumufikishe Mweso, kisha tutarudi. Ninakuapia mbele ya Mungu."

"Mungu wako hatabeba masanduku. Shusha."

Wengine walishusha. Straton hakuachia mti wake. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yalivunjika, alitema damu, akaushika mti kwa mkono wa pili. Walimpiga tena, begani, mpaka mfupa ukasikika. Ingobyi ikapinduka, Muhawenimana akaanguka topeni ubavu ubavu na kulia kilio kimoja kirefu. Straton alipiga magoti amwinue. Yule askari alimpiga risasi kifuani, kwa karibu, na kabla hajalala akampiga nyingine.

Kwenye mahindi ndege mmoja akaimba.

Wanaume walitwikwa masanduku. Thierry alipogeuka kumtazama dada yake, walimchapa kwa mkanda usoni. Wakapandishwa kilima kwa matusi, na askari wa mwisho akawatemea wanawake mate. "Zikeni muzee wenu," akasema, akaenda.

Anne alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe. Alimfumba macho. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunika toka kichwani mpaka magotini, akaweka mawe kwenye pembe ili upepo usikichukue. Mbele yao Muhawenimana alikuwa akikwaruza tope kwa kucha.

Anne akasimama. Akaenda pale mumewe aliposhika, akauinua ule mti wenye damu, akauweka begani.

"Mama Cyusa," alisema, "ingia upande ule. Muzee wangu hatatoroka. Huyu binti njo anatutoroka."

Walimlaza Muhawenimana, wakanyanyuka: Anne na Thacienne mbele, Estelle na Niyigena nyuma. Hapakuwa na wa kupokezana nao. Mti ulimla Thacienne bega mpaka ngozi ikachubuka. Aliomba kwa pumzi, neno kwa hatua: Bwana, beba. Bwana, beba. Mbele zaidi, kwenye bariyeri ya kufunga njia, walikuwepo wengine wenye bunduki. Waliwatazama wanawake wanne wenye tope na damu, wakatafuta wanaume nyuma yao, wasiwaone. Mmoja akavuta mti wa bariyeri juu.

Walifika Mweso jua likiinama. Madaktari walimpasua Muhawenimana papo hapo. Mtoto alitolewa akiwa wa bluu, akapigwa mgongoni, akakataa, akapigwa tena, akalia. Alikuwa wa kike. Mama yake aliishi.

Asubuhi, Thacienne alimwacha mkwe wake na mjukuu mikononi mwa wauguzi. Wanawake wanne walirudi mpaka kwenye ile kona ya njia. Kitenge kilikuwa pale pale chini ya mawe. Walimlaza Straton kwenye ingobyi. Alikuwa mzito, na njia sasa ilikuwa ya kupanda.

Karibu na kanisa, Pasta Séraphin na wazee waliobaki waliteremka mbio. Mzee mmoja alinyoosha mikono apokee mti wa Anne.

"Wacha, Papa," alisema Anne.

"Mama, tukusaidie. Hii ni kazi yetu."

"Alisema hatutabeba yeye akiwa muzima." Akausogeza mti begani. "Sasa tunabeba. Mufungue mulango."

Mzee aliteremsha mikono. Wanaume wakasogea majanini pande zote mbili, wakavua kofia, wakawapisha. Thacienne alipita katikati yao macho yakiwa kwenye njia. Ndani ya kanisa damu ya Ndayambaje ilikuwa imesuguliwa kwa majivu, na mabati yalikuwa na matundu yaliyopitisha mwanga. Walimshusha Straton sakafuni taratibu, kama alivyowafundisha wengine kushusha mgonjwa: miguu kwanza, kisha kichwa.

Pasta akaanza kuomba. Aliwataja Ndayambaje, yule mkimbizi aliyekufa juu ya mtoto wake, Straton, na kila mwanamume aliyepandishwa kilimani, Thierry na wenzake, ambao hakuna aliyejua walipo. Aliposema amina, Estelle alikuwa amekwisha kukaa mlangoni na kamba mpya, akifunga upya mianzi ya ingobyi iliyokatika.

"Niyigena," aliita, "shika hapa nikaze. Inaweza kuitwa hata leo."