Kisu Kilichorudi Kifupi

Kisu cha kwanza cha Norbert kilikunjika ndani ya paja la mbuzi siku ya uhuru, mbele ya wakwe, watoto na kiongozi wa kwaya, na tangu siku hiyo Norbert hakubakiwa na haya yoyote. Sasa alikitoa katika gazeti kuukuu, akakilaza juu ya meza, na kicheko kikaanza kabla hajafungua mdomo.

"Mucheke tu," alisema. "Minye nilifua hii kisu na chuma ya pipa. Nani alinifundisha? Hakuna. Ilikuwa uhuru, kila muntu alikuwa fundi."

"Weye ulikuwa fundi ya vijiko," alisema Placide. "Angalia hilo tumbo lake! Muchuzi inaweza kulala mule mpaka kesho."

Walikuwa uani kwa Déogratias, mtaa wa Mulongwe mjini Uvira, milima mgongoni na ziwa chini mbele yao. Hakuna kati yao aliyekuwa mhunzi. Norbert alikuwa karani wa ghala la pamba, Placide mwalimu wa darasa la tatu, na mwenye nyumba, Déogratias, alishona suruali za watu kwa cherehani ya miguu. Wahunzi wa kweli, wale wa bondeni wanaofua majembe, waliwaita "wahunzi wa Jumamosi", nao walilipokea tusi hilo kama cheo. Kila Jumamosi baada ya kazi walivukuta moto, wakagonga chuma juu ya kipande cha reli ya zamani, wakatengeneza visu ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza. Norbert alipenda kelele. Placide alisema chuma kinasikia kuliko wanafunzi. Déogratias hakuwahi kusema anapenda nini.

Wa nne alikuwa Sidonie, mke wa Étienne, kaka mkubwa wa Déogratias. Yeye hakufua. Yeye alihukumu. Kwao kisu hakikuwa kisu mpaka Sidonie akifanyie mambo matatu: apasue samaki wa mgebuka tangu tumboni mpaka kichwani bila kuchana nyama, akate nyanya iliyoiva bila kuibonda, na auangushe mua kwa pigo moja. Kikishindwa, kilirudi motoni. Na mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, kila mmoja alileta kisu chake cha kwanza kabisa, kizima au kiwete, akasimulia kilivyozaliwa. Sheria ilikuwa moja: mbele ya chuma hakuna kudanganya.

Mwaka uliopita Déogratias alidanganya. Alisema kisu chake cha kwanza kilizama ziwani walipokimbia vita. Leo kisu hicho kilikuwa ndani ya shati lake, kimefungwa katika kitambaa cha kaki, kikimchoma ubavu kama kaa la moto.

"Sasa mwalimu," alisema Sidonie, akiwa ameketi kwenye kigoda na ungo wa samaki magotini. "Leta maiti yako."

Placide alitoa vipande viwili vya chuma. Wote walizijua habari zake, wote walitaka kuzisikia tena. Alikuwa mchumba wakati huo. Alikipasha moto kisu chake mpaka kikawa chekundu kama jicho la mlevi, akakimbia nacho pwani, akakichovya ziwani. Ndivyo anavyofanya kila mtu wa Uvira mara ya kwanza. Anayekua na maji mengi namna ile mlangoni pake huamini hakuna kazi yasiyoiweza. Lakini chuma cha resori ya kamiyo, yaani springi ya lori, hakitaki maji ya ziwa. Kinataka mawese ya uvuguvugu, kipoe taratibu kama mtoto anayebembelezwa. Maji yanakipasua kwa ndani.

"Nikaenda nayo kwa baba mukwe kukata mua," alisema Placide. "Pigo ya kwanza tu, kipande ikaruka, ikaingia mu chungu ya maharagi. Muzee akaangalia chungu, akaniangalia minye. Akasema: Mwalimu, binti yangu atakula nini kwako? Misumari?"

Norbert alicheka mpaka akashika mti. Placide aliinua kipande kimoja juani, kama anavyoinua chaki darasani.

"Muangalie hapa. Hii pembe nyeusi, hapo ndipo ziwa lilipasua, na ufa ukakaa mule siku zote. Hii nyeupe ndiyo ilivunjika siku ya mua. Chuma haifichi. Ufa ya zamani ni nyeusi, muvunjiko ya leo ni nyeupe."

Déogratias alikibana kitambaa ubavuni. Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Mwaka wa sitini na nne, mvua za masika zikiisha, naye alikimbia pwani na koleo mkononi. Alikuwa peke yake, hana mwenzake wa kumwonya. Alipochovya alisikia "ti", sauti ndogo, kama ukucha juu ya glasi. Karibu na ncha palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alipiga tupa, akapaka mawese na masizi, ufa ukapotea machoni. Akachonga sindano na uzi karibu na mpini, alama yake ya ushonaji, akajiona mtu mkubwa.

Siku mbili baadaye Étienne alikuja kuaga. Waasi walikuwa wamechukua mji, na vijana walikuwa wanapanda mlimani. Wengine walikwenda kwa kupenda, wengine kwa kuogopa. Étienne alikwenda kwa sababu rafiki zake walikwenda. Alikiona kisu, akasema, "Mudogo wangu, hii utanipa." Na Déogratias akampa. Neno "kina ufa" lilifika ulimini likarudi, kwa kuwa siku ile kaka yake alikuwa amemtazama kwa heshima, na haikuwa kawaida yake.

Miaka ikapita. Askari wa serikali walirudi, maduka yakafunguliwa, Étienne hakurudi. Kila jioni Sidonie, aliyeishi sasa uani kwa shemeji yake, alipakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa nyingine, akaiweka kando. Kisha mwezi wa nane, mwaka wa sitini na sita, mchungaji wa ng'ombe kutoka Bijombo, juu milimani, mwenye Kiswahili cha maneno matatu, alisimama mbele ya cherehani. Aliweka kisu juu ya kitambaa, akagusa alama ya sindano, akasema, "Mwenyewe hayuko tena." Déogratias hakuwahi hata kuondoa mguu kwenye kanyagio, mtu yule alikuwa amekwisha kwenda.

Kisu kilichoondoka na urefu wa shibiri kilikuwa kimerudi na urefu wa kidole. Alikitazama mara moja tu, akakifunga katika kitambaa cha kaki, akakificha chini ya sanduku la vifungo. Kilivunjika penye ufa. Kilivunjikia mkononi mwa kaka yake, saa ambayo hakuwa na kingine. Kumwambia Sidonie kwamba mumewe amekufa ilikuwa kumwambia pia nani amemuua. Kwa hiyo alinyamaza, na sahani ikaendelea kufunikwa.

Angenyamaza mpaka kaburini kama si Alhamisi iliyopita. Révérien, mjane mpole anayelima mpunga Nyakabere, alikuwa amemposa Sidonie mara mbili, na kesho baada ya misa alikuwa anakuja kwa mara ya tatu na ya mwisho. "Shemeji, nitamujibu hapana," Sidonie alikuwa amesema, akichambua mboga za lengalenga. "Namupenda, sikufiche. Lakini minye iko na bwana, na hakuna muntu aliniambia amekufa."

Sasa aligeuka kwenye kigoda chake, akatabasamu.

"Na weye shemeji? Ziwa limetapika kisu yako, ao bado linatafuna?"

Déogratias aliingiza mkono shatini. Alikiweka kitambaa mezani, akakifungua kona moja moja, kama mtu anayefungua kidonda. Norbert alikuwa ameandaa mzaha, aliumeza.

Sidonie aliiona alama ya sindano, akasimama. Samaki wawili walianguka kutoka kwenye ungo.

"Hii ni kisu ya Étienne," alisema.

"Ndiyo. Na ni kisu yangu ya kwanza." Alisimulia yote, toka ziwani mpaka Bijombo, bila kuinua macho na bila kupunguza kitu. "Nilijua ufa iko. Nilimupa tu. Ikavunjikia mu mukono yake. Ni minye, shemeji."

Kutoka pwani zilipanda sauti za wanawake wanaogombana juu ya bei ya ndagala, na kuku mmoja akaja akachukua samaki, hakuna aliyemfukuza.

"Tangu lini iko hapa?" aliuliza Sidonie.

"Mwezi ya munane, sitini na sita."

"Karibu miaka mbili." Hakupandisha sauti. "Miaka mbili napakua chakula, weye unaniangalia."

"Ndiyo."

Alifikiri atampiga, na angefurahi kupigwa. Lakini mkono wa Sidonie ulikwenda kwenye kisu. Alikishika kama alivyoshika visu vyote vya Jumamosi: akakipima uzito, akakigeuza juani, akapitisha kidole gumba taratibu mgongoni mpaka kwenye ncha. Kidole kilisimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Nani alikuambia ilivunjika?"

"Shemeji, si unaona ni fupi?"

"Naona ni fupi. Nauliza nani alikuambia ilivunjika." Alikisukuma kwa Placide. "Mwalimu. Huyu iko na nyeusi ao nyeupe?"

Placide aliisogeza ncha karibu na jicho. Alitazama kwa muda mrefu, akaitia mate, akaifuta na shati, akatazama tena.

"Hakuna nyeusi," alisema polepole. "Hakuna nyeupe. Hii haikuvunjika, Déo. Hii imesagwa. Alisaga ncha juu ya jiwe mpaka akapita ufa, kisha akachonga ncha mupya. Gusa. Ni laini kama jino."

Déogratias aligusa. Kwa karibu miaka miwili alikuwa na kitu hiki chini ya sanduku la vifungo, na yeye, anayejua chuma, hakuwa amekisoma. Macho yenye hofu hayasomi.

"Chuma ya resori," alinong'ona Norbert. "Juu ya jiwe ya muto. Ni mwezi nzima hiyo. Pengine miwili, kila siku kidogo."

"Na si ncha tu," alisema Placide. "Tazama upana. Bapa limebaki nusu. Kisu hailiki hivi kwa vita, inalika kwa kunoa. Mwaka nzima. Zaidi."

"Imeliwa upande moja," alisema Sidonie. "Étienne alikuwa na shoto. Alinoa upande moja tu, nilimugombeza kwa hilo tangu tulipooana." Aligusa mpini. Ule wa kwanza, wa mti wa mpera, ulikuwa umekwenda. Mahali pake palikuwa na pembe ya ng'ombe, imefungwa kwa kano, nadhifu, bila haraka. "Aliketi. Alikuwa na fasi ya kukaa, na jiwe, na watu wenye ng'ombe. Alikuwa anamenya viazi vyake huko juu."

Jinsi alivyokufa, kisu hakikusema. Wala kwa nini hakushuka. Pengine njia zilikuwa na askari, pengine alikuwa na aibu, pengine aliugua. Kisu kilisema tu kwamba mtu aliiona kasoro ya mdogo wake, akaketi chini, akaiondoa, kisha akaishi.

Déogratias alilia. Alilia kama watu wanavyopiga chafya, ghafla na kwa kelele, na Norbert akamshika bega.

Sidonie alivuta ubao. Aliokota mgebuka aliyebaki chini, akamsuuza, akampasua tangu tumboni mpaka kichwani. Nyama haikuchanika. Akakata nyanya, vipande vikalala kimoja juu ya kingine, vyekundu, vizima. Akasimamisha mua, akapiga. Kisu kilizama nusu, kikakwama.

"Mua imemushinda," alisema.

"Kwa hiyo?" Norbert aliuliza kwa adabu ambayo hakuna aliyejua anayo. "Imepita?"

"Mbili juu ya tatu. Ni fupi kwa mua. Kwa jikoni imepita." Kisha akamgeukia shemeji yake, na sasa sauti ilikuwa na makali. "Ufa ya kisu, Étienne aliisaga mwenyewe. Hii ingine ya miaka mbili, hakuna mwingine wa kukusagia. Kesho asubuhi utaenda kwa padri, utaomba misa ya kaka yako. Kisha utasimama hapa uani, utawaambia watu, na sababu ulinyamaza utaitaja pia. Tutaketi kilio."

"Na Révérien?"

"Révérien akuje, aketi kilio na wengine. Kilio ikiondolewa, hapo nitamujibu, na hatarudi Nyakabere na huzuni." Alikichukua kisu.

"Lete nikinoe kwanza," alisema Déogratias. "Hata upande ule mwingine kidogo tu, kiwe sawa."

"Usiiguse."

Aliingia jikoni. Wanaume watatu walibaki na moto ambao hakuna aliyeuvukuta, wakasikiliza kitunguu kikikatwa, pigo fupi fupi. Norbert alikinyoosha kisu chake cha pipa kwa goti, kikakunjika tena, akakirudisha katika gazeti.

Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya milima, Sidonie alileta bugali na mgebuka. Déogratias alizihesabu sahani bila kutaka, kama alivyozihesabu kila jioni. Zilikuwa nne, hakuna iliyofunikwa.