Mlio wa Cherehani

Beseni la kwanza la maji lilitoka jeusi tititi. Kitinda akalimwaga uani, akajaza jingine, akatia sabuni, akarudi kuiinamia cherehani ya marehemu mama yake. La pili likawa la kahawia. Kufikia la tatu, kitako cha beseni kilianza kuonekana, naye akahisi kifua kinamfunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Makumbusho ya mji yalikuwa yakiandaa maonyesho ya wanawake waliotangulia. Kulikuwa na koti la mkunga, kengele ya mwalimu wa kwanza wa kike, na sasa ilitakiwa cherehani ya mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Mhifadhi wa makumbusho alikuja mwenyewe nyumbani kuiomba.

"Wasichana wengi wa mji huu walikwenda shule kwa sare zake," alisema. "Ambao kwao hakuna kitu, alikuwa anawaungia mabaki ya vitambaa mpaka linatoka gauni. Tunaitaka vilevile alivyoiacha, mama. Usijisumbue."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Kitinda alilelewa vizuri. Mgeni akisema usijisumbue, mwenye adabu ndio kwanza anakwenda jikoni. Isitoshe, alikuwa msimamizi wa usafi katika hoteli kubwa, mtu wa kupitisha kidole juu ya mlango na kumwonyesha mfagiaji vumbi lake. Ampeleke mama yake mbele za watu na madoa? Wangesema hakuzaa.

Kwenye gurudumu la mkono palikuwa na kitambaa kilichoviringwa, kimeshiba jasho la kiganja mpaka kimekuwa kigumu kama gome la mti. Alikikata kwa wembe, akakitupa kwenye moto wa takataka. Akapiga msasa palipochubuka, akapaka rangi. Meza yenye alama za mkasi na za chaki akaisugua, akaipiga vanishi. Mwisho alitia mafuta kila kitundu, akaketi, akakanyaga. Gurudumu lilizunguka kimya kabisa. Alitabasamu peke yake, akajifuta jasho kwa mkono wa gauni.

Alipoifikisha makumbusho, mhifadhi alilifunua shuka lililoifunika. Alikuwa amevaa glavu nyeupe tayari. Aliinama akatazama meza, akapitisha vidole kwenye gurudumu.

"Kulikuwa na kitambaa hapa."

"Nilikitupa. Kilikuwa kichafu mno, hata wewe ungeona haya."

Mhifadhi alivua glavu moja, kisha nyingine, akazikunja. "Sawa, mama," alisema kwa upole. "Tutaiweka."

Ile *sawa* Kitinda aliondoka nayo. Alikwenda nayo kazini, akalala nayo, asijue kwa nini inamchoma.

Alikuja kujua siku ya ufunguzi. Dada yake, aliyewasili kwa basi asubuhi ile, aliingia ukumbini akiwa bado na mkoba begani, akapita koti la mkunga, akapita kengele, akasimama mbele ya cherehani. Juu yake ilitundikwa picha ya mama yao, na pembeni sare moja ya zamani yenye pindo pana, kwa kuwa mama alijua watoto wanakua na wazazi hawana cha kununulia nyingine. Dada alitazama picha, akatazama sare. Cherehani aliitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Hii ni ya nani?"

"Dada, si ya mama? Nimeisafisha."

"Kile kitambaa kiko wapi?"

Kitinda alitazama gurudumu tupu. Dada alishusha mkoba wake sakafuni.

"Kilikuwa kipande cha shati la baba. Mama alikifunga wiki ile baba alipofariki, wewe ulikuwa mgongoni. Hakukifungua tena. Alikuwa anasema, namshika mkono kila siku."

Kitinda alitaka kusema hakujua, na ni kweli hakujua. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amefika akiwa mtu mzima.

"Siku mama anaoshwa," dada aliendelea, bila kupandisha sauti, "tulikungoja. Tukaambiwa hoteli ina wageni wakubwa. Nikamwosha mimi na majirani. Sasa wewe umekuja kumwosha mara ya pili, Kitinda. Umemwosha mpaka ameisha."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakusema lolote juu ya aibu ya asiyefika kuosha. Kitinda alisimama pale mbele ya cherehani, mikono kwenye tumbo, na alielewa kwamba ndani ya yale mabeseni alikuwa akitafuta mwili wa mama yake. Alilia bila sauti, kama walivyozoea kulia wafanyakazi wa hoteli.

Wakati huo waliingia wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao. Walipofika kwenye cherehani, msichana mmoja mwenye soksi zilizoporomoka aliisogelea hadi kwenye kamba iliyoizunguka.

"Mwalimu, hii ilitumika kweli? Mbona mpya?"

Mwalimu alicheka kidogo. "Soma kibao. Kinasema ilitumika."

"Kibao kinasema, lakini yenyewe haionekani."

Mhifadhi alikuwa anakuja kuwasaidia, lakini Kitinda alikwishafuta macho. "Ilitumika, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeifuta. Ilikuwa na madoa ya mama yangu kila mahali." Alimtazama mhifadhi, naye mhifadhi, baada ya kusita, akaifungua kamba.

Kitinda aliketi kwenye kigoda cha mama yake kilichowekwa pamoja nayo. Aliweka miguu kwenye kanyagio, akakanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na ukumbi wote haukusikia kitu. Watoto walingoja. Alikanyaga tena, kwa nguvu zaidi, kisha akaacha.

"Ilikuwa inalia," alisema. "Tukiwa kitandani tulikuwa tunaisikia. Ikilia, tunajua mama yupo, tunalala. Nimeitia mafuta."

"Ilikuwa inaliaje?" msichana akauliza.

Mwanamke wa makamo, mbele za watu, mbele ya picha ya mama yake. Kitinda alikohoa. Alikanyaga polepole, akakunja midomo, akajaribu: "Kwii-ta. Kwii-ta." Watoto wawili walicheka, mwalimu akawakata jicho. "Kwii-ta," alirudia, lakini alisikia mwenyewe kwamba siyo, kuna kitu kimepungua.

"Ilikuwa inavuta mwishoni," dada alisema nyuma yake. "Kwii-ta-ah. Kwii-ta-ah."

Kitinda hakugeuka. Alifuata kwa mguu, dada akafuata kwa mdomo, kisha Kitinda naye akaingia kwa sauti hapo hapo, pamoja. Yule msichana alisogea karibu zaidi, akakitazama kile chuma kinachong'aa, na alipoinua macho amwulize dada jambo, alimkuta amesimama wima katikati ya ukumbi, akilia mlio wa cherehani, macho ameyafumba kama mtoto aliyeanza kupata usingizi.